DOP, IGP na siki ya kufungiwa kabatini: jinsi ya kusoma lebo za Emilia-Romagna

Swali: Salaam, mwalimu. Mimi ni mpishi msaidizi katika mgahawa wa Kiitaliano hapa Malindi. Mwenye mgahawa ni mtu wa Modena, mji wa mkoa wa Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia. Amenipa kazi ya kupanga stoo na kuwaeleza wahudumu kilichomo, na nimekwama. Siki tunazo mbili, zote zimeandikwa balsamico na zote zataja Modena. Moja ya nusu lita iko jikoni, tunaimwaga tu kwenye saladi. Nyingine ni kichupa kidogo, amekifungia kabatini ofisini. Jibini la kukuna liko la namna tatu. Lebo nyingine zina DOP, nyingine IGP, na kwenye mvinyo kuna DOC na DOCG. Wageni wengine wanaicheka Lambrusco, mvinyo wetu wenye povu, eti ni soda, na wale wa Bologna hukasirika wakiona spaghetti bolognese kwenye menyu. Tena wengi wetu jikoni ni Waislamu. Nianzie wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Anzia kabatini, kwa sababu ukikielewa kile kichupa, stoo nzima itakuwa rahisi. Ila kwanza tuziondoe zile herufi njiani.

DOP na IGP ni mihuri ya Umoja wa Ulaya iliyotokana na sheria ya mwaka 1992. DOP ni ule muhuri mwekundu na njano. Unadai kwamba bidhaa imezaliwa, imetengenezwa na kukomazwa ndani ya eneo lililotajwa, kwa utaratibu ulioandikwa na kukaguliwa. IGP, buluu na njano, umelegea zaidi: inatosha hatua moja muhimu ifanyike pale, na malighafi yaweza kutoka kwingine. Mfano ni Mortadella Bologna, soseji nene ya nguruwe. Ni IGP, na eneo lake linavuka Bologna hadi mikoa mingine kadhaa ya Italia. DOC na DOCG ni za mvinyo, mfumo wa Kiitaliano ulioanza 1963. Hiyo G ya mwisho inaongeza ukaguzi, na chupa ya DOCG lazima iwe na utepe wa serikali wenye namba, umepita juu ya kizibo.

Hakuna hata muhuri mmoja kati ya hiyo unaokuambia kwamba kitu ni kitamu. Unakuambia kimetoka wapi na kimefuata kanuni zipi. Kanuni nyingine ni kali kupita kiasi, nyingine zinapitisha karibu kila kitu. Wauzaji wengi wanategemea mnunuzi asijue tofauti hiyo, kwa hiyo kila muhuri uulize: kanuni zako zinasemaje?

Sasa kichupa. Kama ni kile ninachodhani, kimeandikwa Aceto Balsamico Tradizionale di Modena, na neno la kulitafuta ni hilo Tradizionale. Ni DOP tangu mwaka 2000. Ndani mna kitu kimoja tu, maji ya zabibu yaliyopikwa. Hakuna siki ya mvinyo iliyochanganywa, hakuna sukari wala rangi. Zabibu, hasa za Trebbiano na Lambrusco, hukamuliwa, na maji yake huchemshwa taratibu katika sufuria isiyofunikwa, saa nyingi, mpaka yapungue na kugeuka hudhurungi. Yakishachacha huingia kwenye safu ya mapipa inayoitwa batteria. Kila pipa ni dogo kuliko linalolitangulia, na mara nyingi kila moja ni la mti wake: mwaloni, chestnut, cheri, mforosadi, juniper. Kila mti unaacha harufu yake.

Mapipa hayo hayawekwi chini ya ardhi kama ya mvinyo. Hukaa darini, chini ya vigae. Kiangazi cha Modena ni kikali, na dari inakuwa tanuri. Maji yanatoka mvuke kupitia mbao na kupitia tundu la juu la pipa, ambalo hufunikwa kwa kitambaa tu, na kilichobaki kinazidi kuwa kizito. Baridi ikija kila kitu kinatulia na kutuama. Hapo ndipo mwenye mapipa hufanya kazi yake ya mwaka. Huchota kiasi kidogo kutoka pipa dogo kabisa, pengo hilo akalijaza kwa siki ya pipa la jirani, la jirani akalijaza kwa la tatu, na kuendelea hivyo mpaka pipa kubwa, ambalo hupokea maji mapya yaliyopikwa mwaka huo. Kwa hiyo siki iliyomo kwenye kichupa haina umri mmoja. Ina chembe za mwaka ule batteria ilipoanzishwa na chembe za juzi. Zipo familia zilizokuwa zikianzisha batteria mtoto wa kike anapozaliwa, ikaja kuwa sehemu ya mali anayoondoka nayo akiolewa.

Hii ndiyo sababu kwenye lebo rasmi hutaona «miaka 18» wala «miaka 40». Kuna daraja mbili tu: ya kawaida, ambayo imekaa si chini ya miaka 12, na extravecchio, si chini ya 25. Ukikutana na chupa yenye tarakimu kubwa ya dhahabu, 12 au 25 au 50, bila neno Tradizionale, hiyo ni biashara ya kuvuta macho. Chupa yenyewe pia ni ushahidi. Tradizionale ya Modena huuzwa katika umbo moja tu, mililita 100, tufe la kioo juu ya kitako cha pembe nne, lililobuniwa na Giorgetto Giugiaro, yule mbunifu wa magari. Mzalishaji haruhusiwi kujijazia atakavyo. Siki huonjwa kwanza na jopo bila jina la mwenyewe, na ikipita ndipo inawekwa kwenye chupa hiyo. Jirani zao wa Reggio Emilia wana DOP yao na chupa yao nyembamba, wakitofautisha daraja kwa vibandiko vya rangi nyekundu, fedha na dhahabu. Huko kwao kwenyewe bei ni makumi ya euro kwa kichupa, kwa hiyo tajiri wako hajakosea kufunga kabati.

Ile ya nusu lita ni Aceto Balsamico di Modena, bila Tradizionale. Ni IGP ya mwaka 2009, na ni kitu kingine kabisa: mchanganyiko wa maji ya zabibu yaliyopikwa au kukolezwa na siki ya mvinyo, uchachu usiopungua asilimia 6, siku 60 tu ndani ya mbao. Ikizidi miaka 3 huruhusiwa kuandikwa invecchiato, yaani iliyokomazwa. Karameli ya kutia rangi inaruhusiwa, isizidi asilimia 2. Zabibu zenyewe hazilazimiki kuwa za Modena. Sisemi uitupe, ziko nzuri sana. Geuza chupa usome viungo. Vikianza na maji ya zabibu, siki itakuwa tamu na nzito, inafaa kumiminwa juu ya nyama au jibini. Vikianza na siki ya mvinyo, itakuwa kali na nyepesi, hiyo iende kwenye saladi. Ile rojo nyeusi ya chupa ya plastiki ya kuchorea sahani, wanayoiita crema au glaze, haina haki ya muhuri wowote, na mara nyingi imetiwa wanga. Ipange mbali kabisa na hizi mbili.

Tradizionale haipikwi. Matone machache juu ya kipande cha jibini la Parmigiano, juu ya samaki wa kuchoma akishatoka motoni, hata juu ya aiskrimu ya vanila. Ukiichemsha umechoma kazi ya miaka 12 kwa dakika mbili.

Umetaja Uislamu, na kwa siki swali hilo ni zito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu zote mbili zimepitia ulevi kabla ya kuwa siki. Mimi ni mtu wa chakula, si mufti. Ninachokijua ni kwamba Mahanafi huruhusu siki hata kama mvinyo umegeuzwa kwa makusudi, na Mashafii, ambao ndio wengi pwani, hutazama kama umegeuka wenyewe bila kutiwa kitu. Mpelekee shehe wako maelezo niliyokupa ya jinsi kila moja inavyotengenezwa, atakuwa na cha kuamulia.

Tuje kwenye jibini. Namna zako tatu, nakisia, ni Parmigiano Reggiano, Grana Padano, na pakiti ya unga iliyoandikwa parmesan. Zitenge leo hii.

Parmigiano Reggiano hutengenezwa Parma, Reggio Emilia, Modena, sehemu ya Bologna iliyo magharibi ya mto Reno, na kipande cha Mantova kusini ya mto Po. Maziwa ya jioni hulazwa kwenye mabeseni mapana, krimu ikapanda, asubuhi wakaiengua. Yanayobaki yanachanganywa na maziwa mazima ya alfajiri ndani ya sufuria kubwa ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Humo hutiwa maji yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini jana, yenye bakteria wake, na kimeng'enya kutoka tumbo la ndama. Maziwa yakishaganda huvunjwavunjwa kwa chombo cha nyaya mpaka yawe chembe za ukubwa wa punje ya mchele, yakapikwa hadi nyuzi 55 hivi. Chembe zinazama na kushikana chini. Bonge hilo huinuliwa kwa kitambaa, likakatwa vipande viwili, na hayo ndiyo magurudumu mawili, pacha. Kila gurudumu limekula karibu lita 550 za maziwa, na uzito wake ni kama kilo 40. Halafu linazamishwa kwenye maji ya chumvi kwa karibu wiki tatu, na kuwekwa kwenye mbao likomae.

Viungo ni maziwa, chumvi na kimeng'enya, basi. Ndiyo sababu ng'ombe wao hawalishwi majani yaliyochachishwa shimoni. Malisho hayo huleta vijidudu ambavyo miezi kadhaa baadaye hutoa gesi na kulipasua jibini kutoka ndani. Watu wa Grana Padano, wengi wao ng'ambo ya Po, wanaruhusiwa malisho hayo, na huzuia madhara yake kwa lisozaimu, protini itokayo kwenye yai. Isome lebo: ukiona lisozaimu, hiyo si Parmigiano, na mgeni mwenye mzio wa mayai anahitaji kuambiwa. Grana Padano nayo ni DOP halali, bei nafuu, na kwa kupikia ndani ya risotto, wali wa Kiitaliano, mimi naitumia bila aibu.

Gurudumu likitimiza miezi 12, mkaguzi huja na nyundo ndogo. Hugonga pande zote na kusikiliza. Mlio ukibadilika mahali, ndani kuna ufa au shimo. Likipita hupigwa muhuri wa moto. Likiwa na dosari ndogo, ganda lake hukwaruzwa mistari sambamba kuzunguka, na hilo ni daraja la pili. Likishindwa kabisa, alama zote husuguliwa zikafutika. Kwa hiyo usimruhusu mtu akuuzie kipande kisicho na ganda kwa bei ya Parmigiano. Kwenye ganda utafute maandishi ya vitone, namba ya kiwanda, mwezi na mwaka. Na ganda lenyewe usitupe. Likwangue, lichemshe kwenye supu ya maharagwe.

Thamani ya magurudumu haya ni kubwa kiasi kwamba kuna benki ya huko, Credito Emiliano, inayoyapokea kama dhamana ya mkopo na kuyatunza katika maghala yake wakati yanakomaa.

Ile pakiti ya unga je? Ndani ya Ulaya ingekuwa na kesi. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliona kwamba neno parmesan linaligusa jina Parmigiano Reggiano linalolindwa, na Ujerumani haikuweza kuthibitisha kuwa limekuwa jina la kila mtu. Marekani ni tofauti, huko parmesan ni jina la kawaida na yeyote anaweza kulitengeneza. Siki haikubahatika vile. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kinacholindwa ni jina zima, Aceto Balsamico di Modena, na si neno aceto peke yake wala balsamico peke yake. Usishangae basi ukikuta balsamico ya Ujerumani dukani; ni halali.

Kuhusu kimeng'enya cha ndama: hakuna Parmigiano Reggiano isiyo nacho. Wageni Wahindi wasiokula nyama wakiuliza, wahudumu wajibu hivyo bila kubabaika. Na kwa Waislamu, kwa kawaida ndama huyo hakuchinjwa Kiislamu, kwa hiyo na hilo liongeze kwenye orodha ya shehe.

Nguruwe nitampitia haraka, maana najua hamumgusi wengi wenu, lakini lazima mjue anapojificha. Prosciutto di Parma ni paja la nguruwe na chumvi ya bahari, hakuna kingine, na alama yake ni taji yenye ncha tano iliyochomwa kwenye ngozi. Ingawa ni DOP na mapaja yote hukaushwa katika vilima vya kusini ya Parma, nguruwe wenyewe wanaruhusiwa kutoka mikoa mingi ya kaskazini na kati ya Italia. Hata DOP ina milango yake. Culatello di Zibello, nayo ya paja la nguruwe, hutoka bondeni, kando ya Po, kwenye ukungu. Anapojificha ni hapa: ndani ya tortellini za Bologna, ambazo hujazwa nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella pamoja na Parmigiano na kungumanga, na ndani ya piadina.

Piadina ni mkate wa Romagna, upande wa mashariki kuelekea bahari ya Adriatiki. Unga, maji, chumvi, mafuta, unasukumwa na kuchomwa juu ya chuma. Mswahili akiiona ataita chapati ya kavu na hatakuwa amekosea sana. Ni IGP tangu 2014, nayo ina namna mbili: ya Rimini pana na nyembamba, na ya sehemu nyingine za Romagna ndogo na nene. Kanuni inaruhusu mafuta ya nguruwe au mafuta ya zeituni. Nyinyi tumieni zeituni, na bado mko ndani ya kanuni.

Haya, Lambrusco. Wanaoicheka wana sababu, ila imepitwa na wakati. Miaka ya 1970 na 1980 Lambrusco tamu, ya bei ya chini, iliuzwa Marekani kwa wingi wa ajabu, na jina likabaki na sura hiyo. Nyumbani kwake ni mvinyo mwekundu wenye povu, mara nyingi mkavu kabisa, uliopangwa kwa chakula cha mafuta. Uchachu na gesi vinasafisha ulimi baada ya kila tonge. Lambrusco si zabibu moja. Ni ukoo, na majina matatu ya Modena yalipata DOC mwaka 1970. Lambrusco di Sorbara ndiyo niipendayo: rangi hafifu ya waridi, kali, harufu ya maua na stroberi. Mzabibu wake una tabu, chavua yake haizai, kwa hiyo wakulima hupanda Lambrusco Salamino kando yake ili iirutubishe, na hata hivyo vichala hutoka vimepwaya. Grasparossa di Castelvetro ni ya vilimani, nyeusi, yenye ukakasi unaoshika kinywa. Hiyo mpe anayekula nyama. Salamino di Santa Croce iko katikati ya hizo mbili.

Kabla ya kumpelekea mgeni, soma kama ni secco, yaani kavu, au amabile au dolce, yaani tamu. Malalamiko mengi ya «soda» yanaisha hapo. Hakikisha imetoka kwenye friji, isiachwe kaunta. Kwa joto la Malindi ikifika nyuzi 25 inakuwa haina maana. Na ukiona chupa imeandikwa rifermentato in bottiglia, ina machicha ya hamira chini. Haijaharibika. Mvinyo huo umechachia mara ya pili humo humo chupani, na mhudumu asiirudishe.

Hiyo DOCG yenu yaelekea ni Albana ya Romagna, mvinyo mweupe wa kwanza Italia kupewa daraja hilo, mwaka 1987. Uamuzi ule ulizua minong'ono, maana wapo walioona mvinyo mingine meupe ilistahili zaidi, na mimi kwa Albana kavu siwapingi. Ile tamu ya zabibu zilizokaushwa, passito, ndiyo inayonifanya nisinung'unike sana. Itolewe na jibini, glasi ndogo.

Mwisho ni wale wageni wa Bologna. Wana haki. Mchuzi wao unaitwa ragù na hauna muhuri wa DOP wala IGP. Ulinzi wake ni wa namna nyingine: mwaka 1982 Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya mapishi ya Kiitaliano, ilisajili namna ya kuupika katika Chemba ya Biashara ya Bologna, na mwaka 2023 wakaweka toleo lililosasishwa. Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo au kusagwa, pancetta ya nguruwe, kitunguu, karoti, figili ya mabua, mvinyo, nyanya kidogo tu, moto mdogo kwa saa kadhaa. Huko chemba pia imewekwa tangu 1972 tagliatella ya dhahabu, kuonyesha upana sahihi wa tambi ikishapikwa, milimita 8. Na hiyo ndiyo tambi ya ragù: ya mayai, bapa, yenye uso wa kukwaruza kidogo unaoshika mchuzi. Spaghetti ni laini na ya mviringo, nyama yote inateleza na kubaki chini ya sahani.

Kwa hiyo mwambie tajiri abadilishe mstari mmoja kwenye menyu, iandikwe tagliatelle al ragù. Kama hamtaki nguruwe jikoni, toeni pancetta, muongeze siagi kidogo mwanzoni kufidia mafuta yake, na muandike wazi kuwa ni ragù ya ng'ombe. Wa Bologna watanung'unika kidogo, kisha watauliza jibini iko wapi. Hapo waletee ile yenye ganda la vitone, uwakunie mbele yao.